UZI: Paul Robeson pale Rutgers 1915–1919. Mpira, mdahalo, kwaya, na ile Jumamosi waliyomkalisha benchi

Mtupa Tufe

Wakuu habari za usiku. Juzi humu watu walibishana sana kama mwanafunzi wa michezo anaweza kufanya vizuri darasani, wengi wakasema mtoto achague moja, miguu au kichwa. Sikuchangia maana jibu langu refu, nikaona bora nifungue uzi wangu. Nimefundisha riadha sekondari miaka mingi, tufe na kisahani, na huyu mtu ninayemleta hapa ndiye nimekuwa nikiwasimulia vijana wangu kila mwaka, usiku wa mwisho kambini.

Anaitwa Paul Robeson. Wazee wetu walimjua kama mwimbaji, ile sauti nzito kama inatoka chini ya ardhi. Ila kabla hajaimba popote pa maana alikuwa mwanafunzi wa chuo kidogo Marekani, Rutgers, mji wa New Brunswick, jimbo la New Jersey. Aliingia 1915 akatoka 1919, na hiyo miaka 4 ndiyo naizungumzia.

Kwanza baba yake. Mzee William Drew Robeson alizaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa na miaka 15, akaja kusoma, akawa mchungaji. Paul kazaliwa tarehe 9 Aprili 1898, kitinda mimba. Mama akafariki kwa ajali ya moto Paul hajafikisha hata miaka 6. Kwa hiyo kalelewa na mzee ambaye alitoka utumwani kwa miguu yake mwenyewe, na mzee huyo alama nzuri haikumtosha kama kulikuwa na nzuri zaidi ya hiyo. Hapo mnaanza kuelewa.

Akiwa sekondari ya Somerville kulikuwa na mtihani wa jimbo wa kugombea skolashipu ya Rutgers. Wenzake walishafanya sehemu ya kwanza mwaka uliotangulia, yeye hakuwa na habari nayo. Ikabidi akae kwenye chumba kile kile, saa 3 zile zile, ajibu masomo ya miaka yote 4 wakati wenzake wanajibu ya mwaka mmoja tu. Akashinda. Ndiyo akaingia chuo, mtu mweusi wa 3 tu katika historia yote ya Rutgers, na chuo chenyewe kilianzishwa 1766.

Naendelea, msikae mbali.

Kamusi Hai

Nimekaa mkuu, chai ipo mezani. Weka mwendelezo.

Mtupa Tufe

Sasa mpira. Naposema mpira hapa ni ule wa Kimarekani, wa yai, wa kubeba mkononi na kugongana. Na Rutgers kwenye huo mpira siyo chuo cha hivi hivi, mechi ya kwanza kabisa ya vyuo viwili ilichezwa hapo hapo New Brunswick tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers wakawafunga Princeton 6 kwa 4, kila upande watu 25. Kwa hiyo miaka ya Paul mpira ulishakuwa kitu kikubwa pale, na siku zile wachezaji 11 walioanza ndio hao hao wanashambulia na ndio hao hao wanazuia, leo wanabadilishana vikosi kabisa. Kofia zenyewe za ngozi, wengine hawavai.

Kijana akaenda mazoezini kuomba namba. Ana miaka 17, mrefu, mwili umejaa. Wale wachezaji wazungu wakashaamua kwamba huyu hapati namba. Siku ya kwanza wakamshukia wote, wakamvunja pua, bega likateguka. Akalazwa kitandani siku 10. Miaka mingi baadaye, 1944, akiwa maarufu, ndiyo alisimulia mwenyewe gazetini, na akasema kitu ambacho mimi huwa nakisema polepole kwa vijana wangu: kwamba baba yake alimfundisha kuwa pale uwanjani hayuko peke yake, anawakilisha vijana weusi wengi wanaotaka kucheza na kusoma chuo, kwa hiyo lazima aoneshe anaweza kupokea chochote watakachompa.

Akarudi. Alikaba mtu, akaanguka chali, mkono wake wa kulia umelala majani kiganja chini. Jamaa mmoja akaja akaukanyaga na viatu vya njumu, akakusudia. Mifupa haikuvunjika lakini njumu ziling'oa kucha. Hebu wewe mwenyewe weka mkono wako mezani sasa hivi, kiganja chini, uutazame halafu usome tena hiyo sentensi.

Hapo ndipo hasira zikampanda. Mpira ulipoanza tena wakaja watu 3 wa kumfungulia njia mwenye mpira, akawafagia wote, akamkamata aliyebeba mpira, akamnyanyua juu ya kichwa, na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa anataka kumvunja vipande viwili. Kocha Foster Sanford akapiga kelele kutoka pembeni: Robey, una namba kwenye timu kubwa! Akamshusha.

Dada wa Netiboli

Jamani hiyo ya kucha imenitoa machozi kweli. Na kocha alikuwa anaangalia muda wote huo? Hakusema kitu mpaka aone mtoto wa watu anataka kuua?

Mtupa Tufe

Dada umeuliza swali ambalo hata mimi linanisumbua. Sanford ndiye alimtaka Paul kwenye timu na baadaye alimlea vizuri sana mpaka akawa mchezaji wa kutisha, hilo nampa. Ila mimi kama mwalimu wa michezo siwezi kukubali kijana avunjwe pua mbele yangu nikiita mazoezi. Najua zama zile walichukulia hivyo. Bado naona vibaya.

Haya, sasa upande wa pili maana mtasema huyu alikuwa mtu wa mpira tu. Herufi 15. Vyuo vya kule ukichezea timu kubwa ya chuo msimu mzima unapewa herufi ya chuo ya kushona kwenye sweta, Rutgers ni R. Robeson alipata 15 katika michezo 4: mpira wa Kimarekani, kikapu alicheza katikati, besiboli alikuwa mdakaji yule anayechuchumaa nyuma, na riadha alirusha kisahani na vingine (hapo ndipo mimi nilipomshika, mtu wa kisahani mwenzangu).

Huku anashinda mashindano ya hotuba ya darasa lake mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, yote. Yuko kwenye timu ya mdahalo. Mwaka wa 3 anaingizwa Phi Beta Kappa, hicho ni chama cha wanafunzi bora kabisa kitaaluma Marekani, hukiombi, unachaguliwa kwa alama. Mwaka wa 4 anachaguliwa Cap and Skull, wanafunzi 4 tu wa mwaka wa mwisho walioonekana wamebeba jina la chuo. Likizo anaenda kubeba sahani hotelini Narragansett huko Rhode Island apate hela ya kujikimu.

Fundi Hesabu

Mkuu nakuheshimu ila hapa unatupa mfano wa mtu mmoja kati ya milioni. Huyo ni kipaji cha Mungu. Huwezi kumchukua huyo ukamwambia mwanangu anayepata D ya hesabu kwamba michezo haimpotezi.

Mtupa Tufe

Fundi hoja yako ina nguvu, sitakuzungusha. Ni kweli yule alikuwa wa peke yake. Lakini tazama na mazingira. Rutgers ya wakati ule ilikuwa na wanafunzi chini ya 500, chuo kizima! Shule zetu za kata nyingi zinazidi hapo. Kwenye watu 500 huwezi kuwa na kundi la wacheza mpira, kundi la waimbaji, kundi la wanamdahalo, kila kundi na watu wake. Kijana yule yule aliyekuwa anagongana Jumamosi, Jumatatu anapanda jukwaani kutoa hotuba, na mwingine aliyekosa namba anaandika Targum, gazeti la wanafunzi ambalo lilianza 1869 mwaka ule ule wa mechi ya kwanza. Watu walikuwa wanahitajika kila mahali, kwa hiyo kijana wa kawaida naye alijikuta anafanya vitu 3 au 4 na hakuna aliyeona ajabu. Robeson aliwazidi wote lakini hakuwa anafanya kitu cha kigeni.

Sasa sisi shule ina watoto 1,200, timu moja ya watoto 16, wengine 1,184 wanatazama. Halafu wale 16 tunawaita watu wa michezo, tunawaondoa darasani wiki 3 kambini, wakirudi wamefeli tunasema unaona, michezo imewapoteza. Tumewapoteza sisi. Mwanao wa D ya hesabu nisingempima kwa Robeson hata siku moja, ningeuliza tu anafanya mazoezi saa ngapi na anasoma saa ngapi na nani amekaa naye akampangia.

Dada wa Netiboli

Hapo pa wiki 3 kambini naomba niseme langu. Nilikuwa kidato cha 3, nikachaguliwa timu ya mkoa UMISSETA, shule ikafurahi, picha ikabandikwa ofisini. Nimerudi nikakuta wenzangu wamefanya mitihani ya muhula, mimi nimeandikwa sifuri masomo yote. Nikaenda kuuliza nikaambiwa hukuwepo. Lakini mlinituma nyinyi! Hukuwepo. Picha yangu ipo ukutani hapo hapo juu ya kichwa cha mwalimu anayenijibu. Sikucheza tena netiboli mpaka leo na nilikuwa naipenda mno.

Mtupa Tufe

Pole sana mdogo wangu. Pole kweli. Nimekaa na ujumbe wako kama nusu saa kabla ya kuandika hiki, maana umenifikisha mahali ambapo ndipo uzi huu unaelekea.

Tarehe 14 Oktoba 1916, Jumamosi. Rutgers wanasherehekea miaka 150 ya chuo. Wageni wamejaa, wahitimu wa zamani wamerudi, na mechi ya sherehe ni dhidi ya Washington and Lee, chuo kutoka Virginia, kusini. Wale wakasema hatuingii uwanjani na mtu mweusi. Ndiyo desturi yao kule, na vyuo vingi vya kaskazini vilikuwa vinakubali kimya kimya, unamwacha mchezaji wako mweusi mechi ipite salama. Rutgers nao wakakubali.

Robeson akakaa nje. Mchezaji wao mkubwa, mwenye afya, kucha zimeshaota, siku ya sherehe ya chuo chake. Mechi ikaisha 13 kwa 13.

Hakuna mahali kwenye maisha yake ya chuo panaponiuma kama hapo. Pua alivunjwa na vijana wenzake wajinga. Lakini hapa walioamua ni watu wazima, uongozi, watu wa sala. Mechi nyingine anawachezea, siku hiyo moja wakamwambia leo hapana. Ndiyo kama picha yako dada, ipo ukutani na wewe hukuwepo.

Kamusi Hai

Mimi ningeondoka siku hiyo hiyo. Jezi ningeivua hapo hapo nikawarushia. Kwa nini alibaki?

Mtupa Tufe

Kamusi, ungeenda wapi? Princeton ni mji aliozaliwa, baba yake alihubiri pale miaka mingi, na chuo cha Princeton hakikuwa kinapokea weusi, kaka yake mkubwa, William Drew mwenye jina la baba, walimkatalia. Skolashipu yake ni ya Rutgers, haihamishiki. Na nyumbani yupo mzee ambaye akiwa na miaka 15 alikimbia minyororo. Mimi naamini alibaki kwa sababu ya yule mzee, huo ni mtazamo wangu.

Ila kuna mtu hakukaa kimya na jina lake watu hawalijui, nataka liwe humu. James Dickson Carr. Huyu ndiye mweusi wa kwanza kuhitimu Rutgers, 1892, naye Phi Beta Kappa, akawa mwanasheria serikalini New York. Juni 1919 alimwandikia barua mkuu wa chuo, William Demarest, kulalamikia kile kitendo, kwamba chuo kilimtoa kafara kijana wake mwenyewe ili kuwaridhisha wengine. Mwaka uliofuata Carr akafariki. Yeye mwenyewe alisoma pale peke yake, hakuwa na wa kumwandikia barua, akasubiri miaka 27 akaandika kwa ajili ya mwingine.

Mswahili wa Jersey

Wakuu mimi naishi New Jersey mwaka wa 9 huu, nafanya kazi ya uangalizi wa wazee. Pale Rutgers kuna uwanja mdogo wa kumbukumbu wa Robeson, ulifunguliwa 2019 darasa lake lilipotimiza miaka 100. Mabamba ya mawe meusi yamechorwa maisha yake. Napita pale nikitoka zamu. Sikujua habari ya benchi. Kesho nasimama.

Swali mkuu, na kwaya umeandika kwenye kichwa cha uzi.

Mtupa Tufe

Umenikumbusha vizuri, nilikuwa naikimbia.

Chuo kilikuwa na kwaya ya wanaume, vyuo vyote vya kule walikuwa nayo, wanavaa suti wanaenda kuimba miji mingine, halafu baada ya onyesho kuna dansi na wasichana na vinywaji. Robeson, yaani huyu huyu ambaye baadaye dunia nzima ililipa kiingilio kumsikiliza, aliruhusiwa kuimba maonyesho ya hapo hapo nyumbani tu, kwa sharti kwamba kwenye dansi haonekani. Safari hazimhusu. Kwa hiyo fikiria ukumbi umepiga makofi, sauti ya chini kabisa ni yake, viti vinasogezwa ukutani ili watu wacheze, na yeye anachukua koti.

Mei 1918 mzee akafariki. Alikuwa amemwahidi baba yake kwamba atashiriki shindano la hotuba la mwaka wa 3. Siku chache baada ya msiba akapanda jukwaani, akashinda. Mpirani Walter Camp, yule ambaye orodha yake ya wachezaji 11 bora wa nchi ndiyo ilikuwa neno la mwisho, akamweka 1918 kwenye kikosi cha kwanza.

Insha yake ya kuhitimu aliandika kuhusu Marekebisho ya 14 ya katiba ya Marekani, yanayosema raia wote wana ulinzi sawa wa sheria, aliyaita jitu lililolala. Juni 1919 akatoa hotuba ya mahafali. Na mechi yake ya mwisho kabisa kwa Rutgers ilikuwa besiboli, amechuchumaa nyuma anadaka, dhidi ya Princeton. Wakawafunga 5 kwa 1. Princeton ile ile.

Wa Kiambu

Hii thread ni moto boss. Nilisikia Robeson alijuana na Mzee Kenyatta, ni kweli ama ni story za mtaa?

Mtupa Tufe

Kweli kabisa ndugu. Wote walikuwa London miaka ya 1930, na Kenyatta alionekana kwenye filamu moja ya 1935 ambayo Robeson alikuwa mhusika mkuu, filamu ambayo Robeson mwenyewe baadaye aliikana kwa jinsi ilivyosifu ukoloni. Na kuna kingine kitawafurahisha humu ndani: 1933 na 1934 alijiandikisha chuo cha lugha za Mashariki pale London akasoma Kiswahili pamoja na lugha nyingine za Afrika. Kwa hiyo huyu mtu alikaa na daftari anajifunza ngeli, mtu wa, watu wa, kiti cha, viti vya. Nikiwaambia vijana wangu hapo ndipo huwa wananyamaza kabisa.

Fundi Hesabu

Sawa mkuu, nimeelewa, na mwanangu nitakaa naye nipange ratiba. Nina swali la mwisho. Chuo kilikuja kumwomba radhi?

Mtupa Tufe

1932 walimpa shahada ya heshima ya uzamili. Halafu ikaja miaka ya kuwindwa wakomunisti, Robeson anaongea wazi kuhusu ubaguzi na anaisifu Urusi, hapo kwenye Urusi mimi sikubaliani naye lakini leo siyo mada, na 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti, hakurudishiwa mpaka 1958. Na mwaka huo huo wa 1950 kilitoka kitabu kikubwa cha kumbukumbu za mpira wa vyuo. Ukifungua ukurasa wa kikosi bora cha 1918 unahesabu majina, moja, mbili, tatu, unafika kumi, basi. Mpira unachezwa na watu 11. Walimfuta.

Alifariki Januari 1976. Ukumbi wa heshima wa mpira wa vyuo ulimwingiza 1995.

Dada wa Netiboli

Mwalimu asante. Niko na mwanangu wa kike hapa, darasa la 6, ana mashindano ya wilaya wiki ijayo na mtihani Jumatano. Nimempigia mwalimu wake wa darasa sasa hivi usiku huu, samahani yake, nimemwuliza atafanya lini huo mtihani. Amesema ataufanya Jumatatu akirudi. Nimemwomba aniandikie kwa meseji.

Mswahili wa Jersey

Nimetoka zamu asubuhi hii nikapita pale kama nilivyoahidi. Nimesimama kama dakika 20, baridi kali. Kuna kijana mmoja mweusi amevaa jaketi la timu alikuwa amekaa kwenye benchi la mawe anakula mkate huku anasoma daftari. Sikumsemesha.